Walioona Mlango Ukipakwa Rangi

Kila asubuhi, kabla hajafunua cherehani, Marcelline hufuta mlango. Huchovya kitambaa katika beseni la maji ya sabuni, hukikamua, huanza juu kabisa na kushuka taratibu mpaka chini, pale maji ya mvua yanapoacha matope. Hufuta upande wa nje tu. Akimaliza hurudi nyuma hatua mbili hadi ukingoni mwa barabara, huutazama mlango kama mtu anayesoma tangazo, kisha huingia ndani kuanza kazi. Ni mlango wa mbao, wa kijani, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kuuona mchafu.

"Da Marcelline, utaumaliza huo mlango!" Burhani humtania kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu. Burhani ni mtu wa Tanga. "Siku moja tutakukuta unafuta bawaba!"

"Angalia simu yako," humjibu, bila kumtazama.

Nilidhani ni masihara ya majirani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba katika mtaa mzima hakuna mtu mwenye haki ndogo ya kuutania mlango ule kuliko Burhani.

Chumba cha Marcelline kiko Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park, katika safu ya vyumba vya zamani ambavyo milango yake hufunguka moja kwa moja barabarani. Mbele ni duka la ushonaji, nyuma ya pazia ni kitanda. Mama yangu, Rosalia, aliyeletwa Johannesburg kutoka Morogoro na ndoa ya mkimbizi wa kisiasa wa Afrika Kusini aliyekuwa anarudi kwao, hakubali fundi mwingine aguse kitenge chake. Kwa hiyo Jumamosi nyingi nilitumwa kutoka Randburg na mfuko wa nguo, nikakaa kwenye benchi na kitabu nikingoja zikamilike. Watu husahau kwamba msomaji naye ana masikio. Mengi ya haya niliyasikia hivyo. Mengine aliniambia mwenyewe, pini zikiwa mdomoni.

Marcelline alizaliwa Uvira, Kongo. Kushona alifundishwa na masista wa misheni. Mama yao alipofariki, Marcelline alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake, Octave, alikuwa na saba; akamlea. Vita vilipowatoa kwao waliteremka nchi baada ya nchi mpaka hapa, na Octave alipokuwa mtu mzima akapata njia yake ya kwenda Ufaransa. Huko anaishi katika mji mdogo karibu na Lyon, na kazi yake ni kusafisha ngazi za jengo la ghorofa.

Marcelline alipohamia Bertrams, mwaka 2012, kwenye mwimo wa kulia wa mlango kulikuwa na kibweta chembamba cha bati, kirefu kupita kidole, kimepigiliwa kikiwa kimelala upande. Kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na mwimo mara nyingi mno hata kikafanana na kovu. Kikundi chake cha maombi kilipokuja kubariki chumba, Mchungaji Gaston aliweka kidole juu yake.

"Mama, hii ni nini?"

Hakujua.

"Ni hirizi. Unapita chini ya hirizi ya watu kila siku, halafu unashangaa kichwa kinakuuma."

Walikichokonoa kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kipande cha ngozi laini kilichoviringishwa, chenye maandishi meusi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na hilo likatosha kuwa ushahidi. Waliimwagia ngozi ile mafuta ya upako, wakaichoma kwenye jiko la mkaa, wakiimba.

Mwenye nyumba ni bibi wa Kiyahudi, Hinda Zulman, aliyezaliwa katika chumba hichohicho wakati baba yake alipokuwa fundi cherehani wa mtaa. Mwezi uliofuata alikuja kuangalia paa linalovuja, akaiona alama nyeupe kwenye mwimo, akauliza. Marcelline alimweleza, tena kwa fahari kidogo, kama mpangaji anayemwambia mwenye nyumba kwamba amemfukuzia panya.

Bibi Hinda aliigusa alama ile kwa kidole. Kisha akamwambia kilichokuwa kimeandikwa mle: amri ya kumpenda Mungu kwa moyo wote, maneno ambayo kwaya ya Marcelline huyaimba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Baba yake aliyaweka pale, kama Wayahudi wafanyavyo milangoni mwao, juma lile aliloshuka kutoka melini.

"Ungeniuliza," alisema bibi. "Namba yangu unayo."

Basi. Hakumfukuza, hakupiga kelele. Marcelline anasema ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Nilichoma neno ya Mungu na mafuta ya upako," huniambia, na hasira yake juu ya jambo hilo mpaka leo haijaamua impate nani, mchungaji au yeye mwenyewe.

Kisha ukaja Aprili wa mwaka 2015, majuma yale wageni walipokuwa wakikimbizwa madukani, Durban na hapa. Asubuhi moja Marcelline alifungua mlango akakuta upande wa nje umepakwa alama kubwa ya X, nyekundu, na chini yake neno moja la Kizulu: Hamba. Nenda. Milango mitatu katika safu ile ilikuwa na X: wake, wa kinyozi Mrundi, na wa mama mmoja wa Lubumbashi anayesuka nywele. Milango ya wenyeji, iliyo katikati yao, haikuguswa hata tone. Aliyepaka alijua vizuri nani analala wapi.

Bibi Hinda alikuja na kopo la tina ya kuondolea rangi na matambara. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alipiga magoti barabarani akaanza kusugua ile rangi, na Marcelline alipomsihi ainuke, alisugua kwa nguvu zaidi. Watu walipokusanyika, aligeuka akawauliza wote kwa Kiingereza chake cha kizamani:

"Nani aliona?"

Hakuna. Yule alikuwa amelala, huyu alikuwa kazini. Burhani naye alitikisa kichwa kwa huzuni, mkono kifuani.

Miezi saba baadaye, akinywa chai dukani kwa Marcelline, Burhani alisema kwa sauti ya mtu anayekumbuka matokeo ya mpira:

"Unajua wale mimi niliwaona? Kwenye upenyo wa mlango wangu. Mmoja ni yule anayeosha magari pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani."

"Uliona?"

"Niliona, dada. Sasa ningesemaje? Na mimi mgeni vilevile. Eish, ningeamka na X yangu."

Kwa miezi saba mwosha magari yule alikuwa akimletea Marcelline suruali za kupunguza. Alikuwa akimsalimia kwa heshima, "Mama". Marcelline alikuwa amepiga magoti mbele yake na kumpima urefu wa mguu.

Alikichukua kikombe mkononi mwa Burhani, chai ikiwa bado nusu, akaimwaga barabarani. Hakuitikia salamu yake kwa mwaka mzima. Siku hizi huitikia. Lakini chai hajampa tena, na mlango akaanza kuufuta.

Sasa nieleze habari ya Octave.

Oktoba 2018 nilikuwa kwenye benchi alipopiga simu. Marcelline aliiegemeza simu kwenye kopo la vifungo, akafungua spika, akaendelea kukata kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha arusi ya huyohuyo Octave na mchumba wake, Falonne: bluu, chenye ndege wa njano. Katika arusi zao ndugu wote wa bwana arusi huvaa kitambaa kimoja, na kukishona ni kazi ya dada mkubwa. Asiyevaa kitambaa hicho ni mwalikwa tu. Na bwana arusi ambaye ndugu zake wameingia ukumbini kila mtu na nguo yake huonekana mtu asiye na kwao. Watu wa bibi arusi watauliza, na hawatauliza kwa kunong'ona.

"Yaya, kitambaa ilifika?" alimwita kama Wakongo wamwitavyo dada mkubwa.

"Ilifika. Falonne anaongezeka ao anapungua? Vipimo alituma ni ya Agosti."

"Anaongezeka! Anakula mukate ya Wafaransa kama analipwa mushahara."

Marcelline alicheka. "Na kazi?"

"Iko. Wiki hii tu walinichosha. Nilisugua mulango moja saa nzima."

"Mulango ya nani?"

"Ya ule mama Myahudi wa ghorofa ya nne, Madame Benayoun. Wamemuchorea nyota, na maneno. Eti Myahudi, toka. Hii ni mara ya tatu. Ile ya pili walimuchomea sanduku ya barua."

Mkasi ulisimama.

"Nani aliona?"

"Yaya?"

"Nimeuliza, nani aliona?"



"Mimi," alisema Octave. "Nilikuwa kwa ngazi ya chini na ndoo. Nilijificha nyuma ya mapipa. Ni wawili, wa jengo ileile. Mmoja ni mutoto wa dada ya kiongozi wangu wa kazi. Polisi walikuja, nikasema nilikuta wamekwisha kwenda."

"Huyu Madame njo ule alikuandikia barua za makaratasi yako ya kukaa Ufaransa?" Njo ni "ndiye" ya kwao.

"Njo yeye."

"Anakuita juu kunywa kahawa kila Alhamisi?"

"Njo yeye, yaya, lakini..."

"Lakini nini?"

"Wale watu wako na pesa. Wenzao watamuchukua. Wako kila mahali, hata serikali ni yao. Mimi nikianguka, nani ataniinua?"

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Marcelline aliuweka mkasi chini polepole, kama unaoweza kulipuka.

"Pesa gani, Octave? Ghorofa ya nne, lifti hakuna, wewe mwenyewe uliniambia unamubebea viazi kwa sababu ya magoti yake. Mwenye serikali anabebewa viazi na wewe? Hiyo maneno ulitoa wapi? Hukutoka nayo Uvira."

"Kila mutu anasema."

"Hapa pia kila mutu anasema! Wanasema Wakongo wako na pesa, Wakongo wamenunua polisi, maduka yote ni ya Wakongo. Wewe ulikuwa hapa. Ulinikuta na maduka ngapi?"

Marcelline alikusanya vipande vilivyokatwa na visivyokatwa, akavikunja pamoja, akapanda kiti na kuviweka juu ya kabati.

"Utaenda kwa polisi, utasema kile uliona. Siku utasema, siku hiyo nitashona."

"Yaya! Arusi ni Februari!"

"Basi muda uko nayo," alisema, akakata simu. Kisha akaniuliza mama anataka mikono mirefu au mifupi.

Juma lile, maktabani, nilitafuta habari za Wayahudi wa Ufaransa. Sikutafuta mambo makubwa. Nilitafuta yale yanayowekwa pembeni mwa gazeti: kaburi lililopakwa rangi, shata la duka la nyama, sanduku la barua, mzee aliyehama mtaa aliokaa miaka arobaini. Habari ziliandikwa kwa adabu, fupifupi, na karibu zote ziliisha kwa maneno yaleyale, kwamba uchunguzi unaendelea. Nyumba mia moja katika jengo, ngazi moja, na uchunguzi unaendelea. Nilitaka kulichana gazeti. Sikulichana, ni la maktaba. Nililirudisha rafuni nikatoka nje.

Jumamosi mbili baadaye mjomba wao, Lambert, alikuja kusuluhisha. Ni mlinzi kwenye ofisi za Randburg, na alikuja na sare zake, akakaa benchi langu akanisukuma pembeni bila kuniona.

"Marcelline. Watu wa Falonne wamesikia hakuna nguo. Unatuvua mbele ya wakwe."

"Mimi sikuvua mutu, mujomba. Kitambaa iko pale juu. Inangoja mudomo ya Octave."

"Mambo ya Wazungu na Wayahudi, sisi inatuhusu nini?"

"Mulango ilinihusu mimi."

"Ile ilikuwa yako!"

"Na wakati ilikuwa yangu, nani alikuja na tina? Wewe ulikuja?"

Lambert alikohoa. Alijaribu njia nyingine. "Na wewe unasema nini? Si wewe uling'oa kitu yao kwa mulango hapa, ukachoma? Octave anakumbuka. Anasema yaya alichoma, halafu sisi njo tunahukumiwa."

Nilishusha macho kitabuni. Mashine ya kinyozi Mrundi ilisikika kutoka chumba cha tatu.

"Nilichoma," alisema Marcelline. "Niliambiwa uongo juu ya watu, nikaamini bila kuuliza. Na mwenye kitu alipokuja nilimwambia mbele ya macho yake, ni mimi. Sikujificha nyuma ya mapipa."

"Watamupiga kule. Kazi atapoteza. Makaratasi haijaisha."

"Najua. Mimi sisemi asiogope." Alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo. "Burhani naye aliogopa."

Lambert alitoa simu yake, akapiga, akafungua spika, kwa matumaini kwamba Octave atajitetea vizuri zaidi. Aliyepokea ni Falonne.

"Shikamoo mujomba. Yaya yuko hapo? Yaya, mimi nalia kila siku. Unamulazimisha Octave aseme uongo kwa polisi. Yeye hakuona kitu, alikuta wameshaenda!"

Marcelline alifumba macho.

"Alikuambia hivyo?"

"Njo hivyo."

"Falonne, mutoto wangu, Octave yuko karibu?"

"Yuko hapa."

"Muulize."

Tulisikia hatua, kisha sauti ya msichana ambayo haikuwa tena ya kilio. "Octave. Uliona?" Alirudia, chini zaidi: "Mimi nilimwambia Madame hukuona. Nilimwambia kwa mudomo yangu, nikimushika mukono. Uliona?"

Lambert alivua kofia ya kazi, akaiweka magotini. Alipoondoka alisahau kunywa soda aliyopewa.

Nilidhani Octave ataenda kesho yake. Hakwenda. Novemba ilipita. Marcelline alifuta mlango, akashona nguo za watu wengine, na kila nilipoingia nilitazama juu ya kabati, na bluu ile ilikuwa palepale. Siku moja tu nilimkuta ameteremsha kipande kimoja. Alikuwa akishona gauni la mikono mirefu, la mtu mfupi, na vipimo alivichukua kwa Bibi Hinda aliyekuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imenyooshwa, akilalamika kwamba pini zinamchoma.

"Si la kwako," Marcelline alimwambia. "Ni la mama mwingine, kimo ni kama yako. Atakaa upande yetu."

Picha ya karatasi ya polisi iliingia kwenye simu yake Desemba, Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Nilifika kesho yake akanionyesha. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka ukaonekana muhuri, tarehe, na jina la Octave lililoandikwa kwa herufi kubwa. Alikuwa ametaja majina yote mawili.

"Alisema," nikamwambia. Nilifurahi.

Alibonyeza ujumbe wa sauti uliofuata, nami nikamsikia Octave, sauti imekauka. Amesema kila kitu, yaya. Falonne alimsindikiza. Wamesema watawaita wale wawili. Kisha: "Lakini Madame hayupo. Alihama Jumatatu. Binti yake alikuja na gari. Nilimubebea masanduku mimi mwenyewe."

Jumatatu. Siku nne kabla hajasema.

"Alimubebea masanduku," alisema Marcelline. "Alishuka naye ngazi nne na ile maneno ndani ya tumbo."

Aliteremsha kitambaa siku hiyohiyo, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi. Alishona mfululizo siku tisa, Krismasi ikiwa mlangoni na wateja wakinung'unika. Nguo ziliondoka na Mkongo mmoja aliyekuwa anasafiri. Kazi ya ngazi Octave aliipoteza kabla ya Januari kuisha. Kiongozi wake alisema jengo halimhitaji tena. "Atapata ingine," alisema Marcelline, na nikajua anamaanisha, kwa sababu juma lile alifunga mara tatu akimwombea.

Mara ya mwisho kwenda na nguo za mama ilikuwa Machi 2019. Picha za arusi zilikuwa zimefika. Alinionyesha moja moja: ukumbi, keki, Lambert aliyetumwa kuwakilisha familia akiwa amevimba kifua, safu nzima ya bluu yenye ndege wa njano, Falonne asiyetabasamu sana. Octave alikuwa amekonda. Alipendeza katika shati lile. Mshono wa mabega ulikaa kama ulivyopasa.

Gauni la mikono mirefu lilikuwa limebaki, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Octave alisema hana anwani ya Madame Benayoun, na dada yake alimwambia aitafute. Bado alikuwa anaitafuta.

Ng'ambo ya barabara Burhani alipaza sauti kunisalimia, akauliza kama mlango umekwisha au bado. Hakuna aliyecheka. Marcelline alikunja sketi ya mama, akaitia mfukoni, akanipa. Nilikuwa nimesimama tayari kuondoka, na mimi si mtu wa kuuliza wakubwa mambo yao. Lakini niliuliza.

"Mama Marcelline, Octave umemsamehe?"

Alikata uzi kwa meno.

"Hapana," alisema. "Alisema wakati mama ya watu amekwisha kuhama."